Nakala Yetu, Nokol Yao

Ninyi mnaoanza ukalimani mwaka huu, mtapewa kiti cha tatu. Afisa ana chake, mwenye shida ana chake, na chenu kitawekwa ubavuni mwa meza, mahali ambapo kila mkigeuka goti linagonga chuma. Nimekaa kwenye kiti hicho zaidi ya miaka ishirini hapa Johannesburg, na nimeondoka na goti bovu na jina zuri. Hata hivyo ipo ofisi moja katikati ya mji ambayo haikuniita tena mpaka nikastaafu. Haikuniita kwa sababu ya neno ambalo mtoto wa darasa la tatu kule Morogoro analijua. Neno lenyewe ni nakala.

Nijitambulishe kwanza, maana sipendi watu wanaojifanya wadogo. Naitwa Thandeka. Baba yangu alikuwa mkimbizi wa kisiasa kutoka huku, mama yangu Mluguru. Nilizaliwa Morogoro, nikasoma Morogoro, na baba aliporuhusiwa kurudi kwao nilikuja naye nikiwa msichana mkubwa, mwenye pasipoti mpya na Kizulu cha maneno matano. Ndugu za baba walinicheka mpaka wakachoka. Nikafanya kazi ya kuosha nywele saluni kwa akina mama wa Kikongo kule Newtown, na katika maji ya shampuu nikajifunza Kiswahili chao, ambacho si changu. Nikasoma kwa posta, kozi moja baada ya nyingine, mpaka nikapata stashahada ya ukalimani na tafsiri. Sikusaidiwa na mtu. Iko sebuleni kwangu Randburg, ndani ya kioo. Mkija kunywa chai mtaiona kabla hamjaiona televisheni.

Lakini sikuandika haya niwasomee stashahada. Nimeandika kwa sababu kila mwaka vijana wananiuliza kazi hii inahitaji nini, nao wanatarajia niseme msamiati. Inahitaji woga. Mimi nilikuwa nao, halafu nikaupoteza kwa siku moja, na siku hiyo nusura mwanamume mmoja atenganishwe na mke wake kwa sababu yangu.

Woga wenyewe nilifundishwa na Papa Ilunga. Huyu alikuwa mzee wa Lubumbashi, mkalimani wa Kifaransa na Kiswahili, mtu wa kuvaa koti zito hata jua la Januari likiwa utosini. Nilipoanza, nilimwona kama mshamba fulani. Hana stashahada, nikajisemea. Wiki ya pili nikamtafsiria kijana wa Kikongo aliyekuwa anaomba hifadhi. Akasema, "Balimuua yaya yangu mbele ya macho yangu." Mimi, kwa Kiswahili changu cha Morogoro, yaya ni mlezi wa watoto. Nikamwambia afisa kwa Kiingereza safi kabisa: walimuua mlezi wangu wa utotoni. Afisa akamtazama yule kijana, mwanamume mwenye ndevu, akauliza: "Ulikuwa na umri gani? Ulikuwa bado na yaya? Kwenu ni matajiri?" Kijana alianza kulia, na mimi nikaona ni huzuni ya kawaida tu.

Papa Ilunga alikuwa amekaa karibu na mlango akingoja zamu yake. Alinivuta pembeni.

"Mama, weye na diploma yako, mutu muzima umemupa mulezi?"

"Si amesema yaya?"

"Yaya kwetu ni mukubwa wako, ule mulitoka naye tumbo moja. Kaka yake njo balimuua. Rudia mule ndani uambie afisa ulikosea, mbele hajageuza karatasi."

Nilirudi, nikasema, na afisa akafuta mstari mmoja. Ilikuwa rahisi kwa sababu ilichukua dakika tatu. Kosa likilala usiku mmoja huwa si lile lile tena.

Baada ya hapo Papa Ilunga akanipa desturi yake, nami nawapa ninyi: kabla ya mahojiano, omba dakika mbili na mtu wako. Usimwulize habari za kesi. Mwulize amefikaje leo, amekula nini, anakaa na nani. Msikilize anaitaje dada, kaka, mwaka, jana, karatasi. Mkongo atakuonyesha maneno yake, Mrundi yake, Mkenya yake. Halafu ingia ndani ukiogopa yale ambayo hayakutajwa. "Ile maneno unayoyajua," alikuwa akisema, "njo ile ikona meno."

Na sheria nyingine mnaijua, ila sijui kama mnaiheshimu: unasema "mimi", husemi "anasema kwamba". Na husafishi. Mtu akisema sentensi ya ajabu, unaipeleka na uajabu wake. Ajabu si kazi yako kuinyoosha.

Sasa mje kwa Shafiq.

Shafiq ni Mbengali wa Bangladesh, muuza mapazia Mayfair. Alipita kwanza Dar es Salaam, akakaa Kariakoo miaka saba kwenye duka la vitambaa la mjomba wake. Akaja huku, akamwoa Nomsa. Nomsa ni kama mimi: baba yake ni mmoja wa waliorudi, mama yake Mtanzania, na Kiswahili ndicho walichoongea siku ya kwanza alipoingia dukani kuulizia pazia la jikoni. Wana binti wa miaka saba, ambaye wazazi wakimsemesha Kiswahili anawajibu kwa Kiingereza. Shafiq aliomba kibali cha kukaa kama mume wa raia, na ofisi ikataka kujihakikishia kwamba ndoa si ya kutafutia karatasi. Wanao utaratibu. Mume anahojiwa chumba hiki, mke chumba kile, halafu majibu yanawekwa pamoja kama nusu mbili za noti iliyochanika.

Mkalimani wa Kibengali hakutokea siku hiyo. Shafiq akasema anajua Kiswahili, nikaitwa mimi.

Nilipomkuta kwenye benchi akaniamkia: "Shikamoo dada, pole na foleni." Lafudhi ya Kariakoo tupu! Nilifurahi sana. Miaka mingi nilikuwa nikipambana na Kiswahili cha kila nchi, na leo nimeletewa mtu anayeongea kama watoto wa shangazi zangu. Tukaongea habari za Kariakoo, sijui mvua, sijui nini. Dakika mbili za kupima maneno sikuzitumia. Za nini, kwa mtu anayesema "pole na foleni"?

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, tulimwita Sisi Lerato, yaani Dada Lerato kwa lugha za huku. Mtaratibu, mwenye haki, anaandika kila kitu kwa mkono kabla ya kukiingiza kwenye kompyuta. Aliuliza maswali ya kawaida, Shafiq akajibu vizuri. Kisha Sisi Lerato akachukua cheti cha ndoa kutoka kwenye faili, karatasi yenye ule ukingo mweusi wa mashine ya fotokopi, akauliza kama ni nakala.

Nikamgeukia Shafiq. "Hiki cheti cha ndoa ni nakala?"

Rangi ilimtoka. Sijasema kwa kupamba maneno, nilimwona.

"Hapana! Si nakala, dada. Wallahi si nakala."

Nikatafsiri: hapana, si nakala, naapa. Sisi Lerato akaishika karatasi kwenye mwanga, akaigeuza nyuma, nyuma ni nyeupe. Akaniambia nimuulize tena, taratibu.

"Shafiq, sikiliza vizuri. Karatasi hii uliyoleta, ni nakala?"

"Nani kasema nakala? Ndoa yangu si nakala!"

Vijana wangu, someni hiyo sentensi mara mbili. Ndoa yangu si nakala. Mtu gani mwenye akili timamu anasema hivyo? Ndoa inakuwaje nakala? Pale palikuwa pa kuinua mkono na kusema, "Afisa, mkalimani anaomba ufafanuzi." Ni maneno manne ya mafunzo ya mwaka wa kwanza. Badala yake nikajisemea: amechanganyikiwa, ngoja nimsaidie. Nikatafsiri, "Hapana, si nakala." Ndoa nikaiacha. Nikaisafisha.

Akaulizwa cheti halisi kiko wapi. Akaweka kidole juu ya ile fotokopi. "Hiki hapa. Hiki ndicho halisi."

Sisi Lerato akaenda chumba cha pili, akarudi baada ya dakika chache. Mke, aliyehojiwa kwa Kiingereza, alikuwa amesema ile ni nakala, na cheti chenyewe kimo kwenye mkoba wake. Mume anaapa si nakala. Watu wa nyumba moja wametofautiana juu ya cheti chao wenyewe. Akavua miwani, akasema sentensi ambayo bado naisikia, kwamba ana sababu ya kuamini ndoa hii ni "sham".

Nikamtafsiria Shafiq: "Afisa ana sababu ya kuamini kwamba ndoa yenu ni feki."

Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza. "Ndiyo maana nimesema tangu mwanzo si nakala," akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Hata hiyo niliitafsiri bila kuielewa. Nikasaini fomu: mimi mkalimani nimetafsiri kwa ukweli na kwa ukamilifu. Ilikuwa Alhamisi. Waliambiwa warudi Jumatatu wasomewe maoni ya afisa, halafu mchana faili liende kwa mkubwa. Ikipita hivyo, Shafiq angerudishwa Bangladesh, na haijulikani angeruhusiwa lini kuingia tena. Nomsa alinisimamisha kwenye ngazi.

"Shangazi, kasema nini mume wangu mle ndani? Mbona afisa kanikazia macho?"

"Siruhusiwi kusema, mwanangu."

"Shangazi, yule mtu hajui kudanganya. Akimdanganya mteja rangi ya pazia, anakuja nyumbani hali chakula."

Nikamwambia awe na subira. Nilijisikia mtaalamu.

Jumamosi mchana nilikwenda Mayfair kununua chaja ya simu. Duka la vifaa, wauzaji wawili vijana wa Kibengali, na mwanamke wa Kisomali mbele yangu aliyekuwa ananusa chaja kama ananusa samaki. Alikuwa haamini. Muuzaji akacheka, akamgeukia mwenzake huku akiipiga chaja kwa ukucha: "Nokol na, ashol! Ashol!"

Nikauliza amesema nini. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha dukani kwamba nokol ni feki, na ashol ni kitu chenyewe, na yeye hauzi nokol.

"Sema tena hilo neno."

"Nokol, auntie. Nokol."

Chaja niliiacha juu ya kioo. Nilitoka nikavuka barabara robot, taa za kuongozea magari, zikiwa nyekundu, na dereva wa taksi akatoa kichwa dirishani, "Eish, mama, umechoka kuishi?" Sikumjibu. Nilikuwa nasikia chumba cha Alhamisi chote upya. Hiki cheti ni feki? Wallahi si feki. Nani kasema feki? Ndoa yangu si feki! Kila jibu lilikuwa sahihi, na tena lilikuwa jibu la mume wa kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nimemuuliza swali ambalo afisa hakuuliza, kisha nikampa afisa jibu ambalo mume hakutoa.

Baadaye nimesoma, maana mimi ni mtu wa kusoma. Neno ni moja, limetoka kwa Waarabu likaenda njia mbili. Kwetu likabaki na kazi ya karatasi: nakala ya kitabu, nakala ya barua. Kwao, wanaofanya kazi za hati bado wanalijua kwa maana hiyo ya nakala, lakini sokoni nokol ni kitu cha kughushi, na mwanafunzi anayeibia mtihani anafanya nokol. Shafiq aliishi Kariakoo miaka saba, hakika alishasikia nakala ya risiti. Lakini mtu aliyekaa mbele ya afisa, mke wake yuko chumba kingine, neno likimjia na maana mbili analisikia kwa ile inayomtisha. Na ashol yao ni asili yetu, ndugu wa damu. Ningeuliza asili iko wapi, huenda tungepona.

Nilimpigia simu Papa Ilunga. Wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, sukari inamsumbua.

"Papa, nimeharibu."

Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kitu ambacho hakuwa anakifanya.

"Afisa anajua?"

"Hajui. Hakuna anayejua. Papa, nilisaini ukamilifu, na kuna sentensi niliiacha. Wakiangalia hivyo watanifuta kwenye orodha. Ofisi nyingine zitasikia. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kunisahihisha."

"Mimi nilikusahihisha. Yaya."

"Papa!"

"Batakufuta, mama. Halafu?"

"Nina jina mji huu."

"Ule Mubengali naye ikona jina. Yako iko ku orodha. Yake iko mu faili, na Lundi, Jumatatu yenu, banafunga ile faili." Akakohoa. "Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Muzuri. Alhamisi haukuogopa."

Akakata simu. Hakuwa mtu wa kuaga.

Jumapili niliandika ukurasa mmoja. Niliuandika mara nyingi, na kila mara nilijikuta nimeandika kwa namna ya kujikinga: kulitokea kutoelewana, kulikuwa na mkanganyiko wa kilugha. Nani alikanganya? Sentensi zangu hazikuwa na mtu ndani. Karatasi ya mwisho ilisema: Neno nililotumia mimi lina maana nyingine katika lugha ya kwanza ya mhojiwa. Mhojiwa alisema ndoa yangu si nakala, na mimi niliondoa maneno hayo. Majibu ya mhojiwa yalikuwa sahihi. Kosa ni la mkalimani. Nikatia saini, na chini yake nikaandika stashahada yangu kwa kirefu.

Jumatatu nilifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Alikuwa Mkongo, ananijua, akanitania: "Mama mukalimani, leo unafungua weye ofisi?" Mkono ulioshika karatasi ulikuwa umelowa jasho mpaka wino wa saini ukaanza kuota ndevu.

Sisi Lerato alisoma amesimama. Akasoma tena amekaa.

"Na 'sham'," akaniuliza, "ulimwambia kwa neno gani?"

"Feki."

"Feki ndiyo 'sham'?"

Ndilo swali bora nililowahi kuulizwa na afisa yeyote, na nilikuwa nalo kosa la pili ambalo hata kwenye karatasi yangu halikuwamo. Feki inasema cheti ni kibaya. Yeye hakusema cheti ni kibaya. Kwa hiyo Shafiq alikuwa ametuhumiwa jambo moja na kuambiwa jingine, na siku nne amekaa nyumbani akitafuta namna ya kutetea karatasi.

"Hapana," nikasema. "Siyo."

Akawaita wote wawili ndani. Akaniambia nisome ukurasa wangu mbele yao kwa Kiswahili, kisha nimweleze Shafiq maana ya lile neno, na kila ninachosema nikirudishe kwake kwa Kiingereza. Nilisoma. Nomsa alinitazama usoni muda wote. Heri angenitukana.

Shafiq akasema, "Kwa hiyo dada, aliniuliza fotokopi?"

"Aliuliza fotokopi."

"Ya Allah. Fotokopi ndiyo. Fotokopi kabisa!" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Na hiyo sham ni nini hasa?"

Nawaandikieni nilivyosema, maana hakuna kamusi iliyonipa.

"Ukiuza pazia la nailoni ukasema ni hariri, hiyo feki. Kwenu nokol."

"Nokol."

"Mtu akifuta jina kwenye cheti akaandika jingine, ameghushi."

"Hiyo tunasema jal."

"Sasa 'sham' si hizo zote mbili. 'Sham' ni hivi: cheti ni ashol. Muhuri ni ashol. Shehe ni ashol, mashahidi wamekula pilau ya kweli. Lakini bwana anakaa kwake, bibi kwake, hawajuani. Kwetu Tanzania, mtu akiwa kwenye orodha ya mshahara na kazini hayupo, tunamwita mfanyakazi hewa. Hii ni ndoa hewa. Nje imekamilika, ukifungua ndani..."

"Haowa," akasema. Kwao pia hewa ni hiyo hiyo, inavuma tu tofauti kidogo. "Haowa. Kumbe."

Nilirudisha yote kwa Kiingereza. Nilitegemea atapumua. Badala yake nikaona hofu yake inakua, na hapo ndipo nikaelewa uzito wa neno nililolipuuza.

"Kwa hiyo hawasemi karatasi ni mbaya."

"Hawasemi."

"Wanasema mimi na Nomsa ndani hatumo."

"Wanauliza kama mmo."

"Dada, karatasi ningeleta. Hii nitaleta nini?"

Nilitafsiri neno kwa neno: hii nitaleta nini. Sisi Lerato hakuandika. Alingoja. Nomsa akagonga meza kwa rundo la funguo, akasema kwa Kiswahili ili mume wake asikie.

"Shangazi, mwambie afisa huyu anakoroma. Ndoa hewa haikoromi."

"Nomsa!" akasema Shafiq.

"Anakoroma mpaka jirani wa juu anagonga sakafu na ufagio. Na mguu wake mmoja wa baridi ananiwekea mimi, Julai yote, kama mimi hita. Tafsiri yote, shangazi, usiache kitu."

Lile "usiache kitu" liliniingia. Nikatafsiri yote, kwa nafsi ya kwanza kama sheria inavyotaka, mwanamke wa umri wangu nikieleza kwa Kiingereza rasmi habari za mguu wa baridi wa mume wa mtu. Sisi Lerato hakucheka. Aliuliza mguu gani.

"Kushoto," akasema Nomsa.

"Kushoto," akasema Shafiq wakati huo huo, kabla sijamtafsiria swali. Nalo Sisi Lerato akaliandika.

Kisha akasema kilichokuwa haki yake kusema: mahojiano yote yatarudiwa mchana huo na mkalimani mwingine, Mkenya aliyekuwa ghorofa ya pili, na mimi nitangoja nje. Nilimwomba jambo moja tu, ukurasa wangu asomewe huyo Mkenya kwanza. Akasema atausoma akipata nafasi.

Akipata nafasi! Nilikaa kwenye benchi ya korido saa nzima nikiwa na maneno hayo mawili. Kupitia mlango sauti zinasikika, maneno hayasikiki. Nilimsikia Mkenya anauliza, Shafiq anajibu, nikijaribu kuhesabu maswali nijue wamefika wapi. Siku hizi nasikia mnatumia simu kutafsiri, mnaiweka mezani inasema yenyewe. Sawa. Lakini simu haikai nje ya mlango hivi, haijui kwamba ndani kosa linaweza kurudi vile vile kwa neno lile lile, nawe huwezi kugonga. Mara mbili nilisimama nigonge, mara mbili nikakaa. Wakamwita Nomsa. Mlango ukafungwa tena, nikabaki peke yangu na yule mlinzi Mkongo, ambaye safari hii hakunitania.

Walipotoka, Shafiq alikuja moja kwa moja kwangu.

"Kaniuliza tena, dada. Lile lile."

"Kasema nakala?"

"Nakala."

"Ukajibu nini?"

"Nikamwambia, kwa Kiswahili ndiyo, kwa Kibengali hapana. Andika zote mbili."

"Akaandika?"

"Akaandika. Nomsa akatoa asili kwenye mkoba, wakaziweka pamoja."

Sisi Lerato alitokea mlangoni, faili kifuani. Aliniambia, na akanitaka niwatafsirie, kwamba maoni yake ya Alhamisi ameyaondoa, na faili litakwenda kwa mkubwa likiwa na pendekezo la kukubaliwa. Nilitafsiri. Nomsa alikaa chini pale pale sakafuni na mkoba wake. Shafiq aliinama kumwinua, hakuweza, akakaa naye.

Kisha Sisi Lerato akanigeukia mimi. Hakuhitaji mkalimani kwa hilo.

"Mama Thandeka, unajua itanibidi niandike ripoti juu yako."

"Andika," nikasema. "Jina langu lina h baada ya t. Wengi huiruka."

Woga wangu ulikuwa umerudi, lakini huo hauandikwi kwenye faili.